Kadi ya Wifi

Jumamosi ya tarehe 24 Mei 2025, saa mbili za usiku, nilikaa kwenye ngazi ya tatu ya nyumba yetu ya Kiponda, Unguja, simu mkononi. Nyumba zetu za mawe na chokaa kuta zake ni nene, na ngazi ile ndiyo mahali pekee ambapo mtandao haunikatikii. Nilikuwa nalipia kifurushi cha mpira. Kesho yake Simba inarudiana na RS Berkane ya Morocco, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na mechi iko Amaan. CAF ilikwishasema Uwanja wa Benjamin Mkapa hauko tayari, fainali ikavuka maji ikaja kwetu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mlangoni petu. Tiketi tulizikosa. Kwa hiyo nyumba nzima, pamoja na majirani wa kichochoro, ilikuwa inategemea televisheni ya ukumbini, na televisheni ya ukumbini ilikuwa inanitegemea mimi.

Nikafungua menyu ya kulipa bili, nikachagua kampuni, nikaingiza namba ya kadi, nikaandika kiasi. Fedha ile ingeninunulia kilo mbili za nyama na mbatata zake, lakini fainali haiji kila mwaka. Jina la mwenye kadi likatokea ili nithibitishe: herufi ya kwanza tu ya jina lake, kisha jina la baba mkwe wangu, kisha ukoo. Nikaona sawa. Nikaweka namba ya siri, ujumbe wa malipo ukaingia, nikashuka.

Watoto walikwishawasha king'amuzi. Hilo nimewafundisha mwenyewe: ukilipa, king'amuzi kiwe kinawaka na kiwe kwenye chaneli unayoitaka, kwa sababu amri ya kufungua inashuka kutoka angani, na ikipita kimezimwa haikuti mtu. Tukasubiri dakika tano, kumi, nusu saa. Kioo kikabaki na maandishi yale yale kwamba kadi hii haijalipiwa. Mume wangu akazima, akawasha. Shemeji, ambaye ni fundi simu Darajani, akaichomoa kadi, akaifuta kwa ncha ya kikoi, akairudisha. Hakuna kitu.

Saa tatu na nusu simu ikalia. Alikuwa wifi yangu wa Bububu.

"Wifi, sijui nikushukuru vipi. Mungu akuzidishie pale ulipopunguza. Nimewasha hivi sasa, chaneli zote zimefunguka, hata zile za mpira ambazo mimi sizijui."

Nilinyamaza. Nikaomba nimpigie baadaye, nikalichukua daftari la Tukuza, lile ninaloandikia namba za umeme. Jalada la nyuma nimeandika kadi mbili, mstari chini ya mstari: yetu na ya wifi, niliyemlipia zawadi ya Idi mwisho wa Machi. Zote mbili zinaanza kwa tarakimu nne zile zile. Na wifi na mume wangu ni ndugu wa tumbo moja, jina la baba moja, ukoo mmoja, na majina yao ya kwanza yanaanza kwa herufi moja. Kila nilichopaswa kukihakiki nilikihakiki, na kila kimoja kilinijibu ndiyo.

Nikapiga huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu na alinisikiliza mpaka mwisho. Akanieleza kwamba malipo yakishafungua kadi, kuyahamishia kadi nyingine ni ombi linalopitia utaratibu wa ofisi, na ofisi itafunguliwa Jumatatu. Mechi ilikuwa Jumapili. Kulipa mara ya pili ndiyo lilikuwa jawabu jepesi, lakini mwisho wa mwezi ulikuwa mbali kwa siku saba, na pesa iliyobaki ilikuwa ya umeme na ya nauli za skuli. Pesa ya umeme haiguswi. Mtu aliyeishi Unguja miezi ile mitatu ya giza, kutoka Desemba 2009 mpaka Machi 2010, haichezei.

"Basi tukachukue kadi ya dada tuje kuitia kwetu," alisema mume wangu.

Shemeji akatikisa kichwa. "Kadi na boksi vimeoana, kaka. Kadi ya dada haisomi katika boksi letu. Labda vije vyote viwili."

Akatueleza usiku ule, akiwa amekaa kwenye mkeka, na nimeona ni vyema nieleze kama alivyonieleza, kwa sababu miaka yote nimelipa bila kujua ninacholipia. Mawimbi yenyewe hayachagui nyumba. Picha ya mechi inamiminika Unguja yote kwa wakati mmoja, juu ya mabati ya Bububu na juu ya dari letu la Kiponda, lakini inakuja imevurugwa makusudi ili isisomeke. Kila kadi ina namba yake. Kampuni ikipokea pesa hurusha amri kupitia setilaiti ile ile, amri imebeba namba ya kadi. Kadi inayojisikia imeitwa huanza kuinyoosha picha, nyingine zote hukaa kimya. Picha, basi, iko juu ya vichwa vyetu siku zote, tulipe tusilipe. Pesa yangu ilikuwa imenunua ufunguo wa siku 30, unaohesabiwa tangu saa ya malipo, utazame usitazame, na ufunguo ule ulikuwa Bububu.

Shemeji alijifunza mambo haya kwa njia ngumu. Miaka michache nyuma mjomba wao alirudi likizo kutoka Muscat, na kwenye sanduku, katikati ya tende na udi, alikuwa amewabebea king'amuzi cha huko. Alifanya kwa mapenzi; kwake Muscat mpira wote anaupata humo, akadhani na kwetu utakuwa hivyo hivyo. Wiki nzima Shemeji alizungusha dishi. Mpira huuzwa kwa maeneo. Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini ni eneo moja, na huko mwenye haki za mashindano makubwa mengi ni beIN ya Qatar. Nchi za kusini mwa Jangwa la Sahara ni eneo jingine, na Ligi Kuu ya Uingereza katika eneo letu iko mikononi mwa SuperSport, chini ya MultiChoice ya Afrika Kusini. Mawimbi ya eneo lile yamelengwa kwao, mkataba wa kadi ni wa kwao, na bahari iliyo katikati haijali kwamba nusu ya ukoo wetu iko Oman. King'amuzi cha mjomba kiko juu ya kabati mpaka leo, na mjomba akija tunakifuta vumbi.

Nikampigia wifi, nikamwambia ukweli wote. Wifi yangu ni mtu wa haki. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza, kisha akasema:

"Boksi litakuja. Lakini boksi haliendi mahali bila mimi. Na saa moja ya usiku nina tamthilia yangu."

Ni tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Anaifuata tangu sehemu ya kwanza, na wiki ile yule binti alikuwa yu karibu kumgundua mama yake mzazi. Nikamwahidi. Mechi itakuwa imekwisha kabla ya magharibi, baada ya hapo rimoti ni yake.

Jumapili saa nne asubuhi alishuka Darajani kutoka daladala namba 502, boksi amelifunga katika kanga, amelipakata kama mtoto anayetoka kutahiriwa. Barabarani tayari watu walikuwa na jezi nyekundu. Watoto walimpokea mlangoni, Bi Mkubwa wa nyumba yetu akamwita akae karibu naye, mimi nikaweka chai na mkate wa ufuta. Shemeji akaunganisha waya. Kioo kikawaka, kikafikiri kidogo, kikaandika: hakuna mawimbi.

Hapo nilihisi moyo unanishuka. Kadi imelipiwa, boksi ni lake, kampuni ni ile ile, dishi ni la kampuni ile ile. Kumbe tangu jana usiku tulipokuwa tunahangaika na kadi, hakuna aliyefikiria dishi, maana kioo kilipokataa kilikataa kwa sababu ya malipo, na mtu haulizi mlango wa pili kabla hajafungua wa kwanza. Binti yangu wa pili ndiye aliyesema kwa sauti ndogo: "Mama, zulia."

Asubuhi ile, kwa ajili ya wageni, nilikuwa nimefua zulia la ukumbini. Kamba ya kuanikia upande mmoja imefungwa kwenye nguzo ya dari, upande wa pili, kwa uvivu wa siku nyingi ambao sote tulikuwa tumeuzoea, kwenye mkono wa dishi. Kamba inabeba kanga na mashuka bila tabu. Zulia lililolowa maji ni kitu kingine. Tulipofika juu, lilikuwa limening'inia mpaka linagusa sakafu, na dishi limeinama upande wa kusini kama mtu aliyeitwa na jirani.

Kwa asiyewahi kupanda dari za Mji Mkongwe, nieleze kinachoonekana. Nyuso za nyumba hizi zinalindwa. Mji uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na sisi dishi letu tumeliweka juu, nyuma ya ukuta wa dari, lisimkere mpita njia. Ukiwa huko juu unaona kwamba madishi ya mji hayatazami upande mmoja. Azam inapokewa kutoka setilaiti iliyo nyuzi 7 mashariki, na sisi tuko karibu nyuzi 39, kwa hiyo madishi yake yanatazama magharibi, juu ya bara, kuelekea Kongo. DStv inatoka setilaiti nyingine, na madishi yake yanatazama kwingine. Nyumba mbili zilizoshikana ukuta, moja inatazama huku, nyingine inatazama kule, na zote zinatafuta mpira. Upepo wa chumvi unakula bati la zote sawasawa, na kunguru wanakaa juu ya vichwa vya madishi bila kuuliza ni la kampuni gani.

Kulirudisha dishi mahali pake si kazi ya nguvu. Shemeji alilegeza nati mbili, akashika ukingo kwa vidole, akalisukuma kwa upana wa kucha. Tatizo ni kwamba asilimia za mawimbi zinasomwa ukumbini, ghorofa tatu chini. Tukajipanga. Shemeji darini. Mwanangu mkubwa mlango wa dari. Mimi kwenye ngazi yangu ya tatu. Wifi kwenye mlango wa ukumbi. Bi Mkubwa mbele ya kioo, miwani machoni.

"Sifuri!" Bi Mkubwa.

"Sifuri!" wifi.

"Sifuri!" mimi.

"Ami, sifuri!"

Ikaenda hivyo muda mrefu, sifuri inapanda ngazi, ukimya unashuka. Adhana ya adhuhuri ikatukuta. Shemeji akashuka akasali, akapanda tena. Karibu saa nane nikamsikia Bi Mkubwa, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake tangu arusi ya mwanawe wa mwisho: "Arubaini! Arubaini na mbili! Mwambieni asiguse!" Maneno yakapanda ngazi. Kwa bahati mbaya yalipofika juu yalikuwa yamebaki "aguse", na mawimbi yakapotea tena. Tukaanza upya. Mara ya pili mwanangu alipeleka neno moja tu, "Basi!", na Shemeji akakaza nati akiwa amepiga magoti. Asilimia sabini na moja. Kamba ya nguo niliifungua mwenyewe siku ile ile, na dishi halijabeba hata leso tangu hapo.

Ilipofika alasiri ukumbi ulikuwa umejaa, na baraza ya nje imejaa, na waliokosa nafasi wamesimama dirishani. Shemeji akaniuliza pembeni kama tusiwatoze wa nje shilingi mia tano mia tano, turudishe pesa ya kifurushi. Wazo halikuwa baya kwa hesabu, na nilijua hali yetu. Lakini kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani. Mwenye mgahawa, hoteli au ukumbi wa kutoza watu hutakiwa alipie kifurushi cha biashara, ambacho bei yake ni nyingine. Kabla sijamjibu Bi Mkubwa alikuwa amekwishasikia.

"Mimi televisheni ya kwanza niliiona bure," alisema. "Na wao wataiona bure."

Alikuwa binti mdogo. Televisheni Zanzibar ilianza 1973, na ilikuwa ya rangi, ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara. Mzee Karume aliyeitaka aliuawa Aprili 1972, hakuiwahi. Tanganyika hawakuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Kwa miaka ishirini mtu wa Dar alikuwa anasimuliwa na mtu wa Unguja kuhusu kitu hicho. Bi Mkubwa anasema watu wachache mno walikuwa na seti majumbani. Ilikuwa inatazamwa kwa pamoja, kwenye mtaa, watoto mbele chini, wanawake nyuma na mabuibui yao, wanaume wamesimama. Jaws Corner, pale watu wanapokunywa kahawa kila jioni, wenyeji husimulia kwamba jina limetokana na filamu ya papa iliyooneshwa hapo enzi hizo. Kituo cha serikali kililipiwa na serikali, na mtu hakuulizwa namba ya kadi. Ninapomsikiliza sidanganyiki kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Kulikuwa na kituo kimoja, na kilionesha ilichotaka serikali. Lakini naelewa kwa nini, kwa mtu aliyejifunza televisheni namna ile, kufunga dirisha wakati wa fainali ni jambo asiloweza kulifanya.

Hakuna aliyetozwa. Watu wa nje wakaleta wenyewe kashata na birika la kahawa.

Mechi ya kwanza, wiki moja nyuma, Berkane walishinda 2-0 kwao. Simba ilihitaji mawili ili kusawazisha na la tatu ili kuchukua kombe. Dakika ya kumi na kitu, sisi tunamtazama kipa wa Berkane anavyopanga mabeki wake, na nyumba ya pili, kwa mzee ambaye hana king'amuzi na hakitaki, redio ikalipuka: goli! Ukumbi mzima ukageuka kutazama ukuta. Kisha, kwenye kioo chetu, shambulizi likaanza, tukalitazama tukijua mwisho wake, na Joshua Mutale akafunga, na tukashangilia kama hatukuambiwa. Picha ya mechi inayochezwa mwendo wa nusu saa kutoka kwetu inapanda angani karibu kilomita 36,000, inashuka, na njiani imebanwa, imefungwa, imefunguliwa na kadi ya wifi yangu. Neno la mtangazaji wa redio halina safari hiyo. Dakika zote zilizobaki mzee wa nyumba ya pili alikuwa anatutangulia, na kipindi cha pili wifi alimtuma mtoto akamwombe kwa heshima apunguze sauti. Akapunguza. Lakini tulimsikia hata alivyokaa kimya.

Yusuf Kagoma alioneshwa kadi nyekundu. Simba wakacheza pungufu. Bao la pili walilolifunga lilikataliwa baada ya mwamuzi kwenda kwenye VAR, na hapo Bi Mkubwa alitoa uradi wake. Katika dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha, 1-1, jumla 3-1, na kombe likaenda Morocco kupitia Amaan. Hapana aliyenyanyuka. Jirani mmoja ambaye ni Yanga damu, ambaye alikuja kwa ajili ya furaha nyingine, hakusema neno. Mwaka 2023 wao walipoteza fainali ya kombe hili hili kwa USM Alger kwa bao la ugenini, naye anajua uchungu wake.

Simu ikaita: binamu wa mume wangu, kutoka Uingereza. Alikuwa ameitafuta mechi ile asubuhi nzima asiipate, akitaka tumsimulie. Yeye huko analipa mara mbili. Kwanza leseni ya televisheni, iliyokuwa pauni 174.50 kwa mwaka kuanzia Aprili 2025, ambayo nyumba hulipa kwa kutazama matangazo ya moja kwa moja ya chaneli yoyote, hata isipoitazama BBC inayoendeshwa kwa fedha hiyo. Utaratibu huo kwa televisheni wanao tangu 1946. Halafu akitaka mpira wa ligi analipia kampuni za michezo kando. Na juu ya yote hayo, Jumamosi saa tisa alasiri ya kwao, wakati mechi nyingi zaidi za Ligi Kuu yao zilizoea kuchezwa, hazioneshwi moja kwa moja nchini mwao. Ni katazo la tangu miaka ya 1960, la kulinda mahudhurio ya viwanja vidogo. Kwa hiyo mara nyingi Jumamosi yeye aliye maili chache kutoka uwanjani ananipigia mimi niliye Kiponda kuniuliza nani anaongoza.

Lakini wana jambo moja ambalo naliwazia kila mara tangu siku ile. Sheria yao ya Utangazaji ya 1996 inalinda orodha ya mashindano ambayo hayawezi kufungiwa kwenye kadi peke yake: fainali za Kombe la Dunia zimo, fainali ya Kombe la FA imo. Wamekubaliana kwamba mechi fulani ni za watu wote. Natamani sana kuiona orodha ya namna hiyo kwetu, na ndani yake iwemo kila fainali ya Afrika inayochezwa kwenye ardhi yetu, na kila mechi ya Taifa Stars, na ya Zanzibar Heroes.

Sisemi hivi kwa kuchukia kulipa. Mei 2021 Azam Media ilitia saini mkataba wa miaka kumi wa kuonesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na pesa hiyo ndiyo inayowafikia hata klabu ndogo ambazo viingilio vya mlangoni havitoshi nauli ya ugenini. Ligi imekuwa bora kwa sababu watu kama mimi wanakaa kwenye ngazi na kuingiza namba. Nalijua hilo na nalipa kwa moyo. Ila ligi ina mechi thelathini kwa kila timu, na fainali ni moja. Yule mzee wa redio ni mkata tiketi mstaafu wa bandarini, amewashangilia Simba maisha yake yote, na siku kombe lilipoletwa kisiwani kwake hakuuona uso wa hata mchezaji mmoja. Nilimkaribisha. Alisema ngazi zetu ni nyingi kwa magoti yake.

Saa moja usiku ukumbi ulikuwa umebaki na sisi wenyewe, vikombe vya kahawa chini, zulia bado limelowa. Wifi akashika rimoti. Yule binti wa Kituruki alimkuta mama yake, na wifi alilia, na mimi nililia, na nadhani tulikuwa tunalilia mambo mawili.

Boksi halikurudi Bububu. Wifi alisema ufunguo ni wangu na ukae kwangu mpaka uishe, yeye atatazama tamthilia kwa jirani yake. Ukaisha tarehe 23 Juni. Tarehe 25 ilikuwa dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, ile iliyoahirishwa tangu Machi 8. Usiku wa tarehe 24 nilikaa tena kwenye ngazi ya tatu, safari hii na kadi yetu yenyewe mkononi, nimeichomoa kutoka kwenye boksi letu, na wifi yuko hewani Bububu na daftari lake.

"Nisomee yako kwanza, wifi, ili nijue ambayo siyo."

Akanisomea tarakimu moja moja. Nikazipigia mstari. Kisha nikamsomea yangu, naye akazirudia nyuma yangu, taratibu, mpaka ya mwisho.